Bi Kutu, Fundi Anayeonja Mashine za Boti

Saa moja na robo asubuhi. Mlango wa bati wa karakana umefunguliwa nusu, na jua limeingia hadi kwenye mguu wa meza likaishia hapo. Mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu iliyochakaa magotini ameinamia mashine ya boti, zile zinazofungwa nyuma ya chombo, iliyoletwa kwa mkokoteni dakika chache zilizopita. Anafungua kifuniko. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, chini ya waya za plagi. Kisha, bila kumwangalia mtu, anakitia kidole hicho mdomoni.

Mwenye mashine ni mvusha abiria ambaye gatini wote wanamwita Kasuku kwa sababu hafungi mdomo. Sasa ameufunga.

"Uliniambia unaiosha kila ukirudi," anasema mwanamke.

"Naiosha, dada. Haki ya Mungu naiosha."

"Unaiosha nje."

"Si ndiyo kuosha?"

"Wewe ukienda kuoga unamwagia maji shati?"

Mzee aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango anacheka hadi kopo la nati linatikisika mapajani mwake. Kasuku anajaribu kununa, anashindwa, naye anaangua kicheko. Anaambiwa arudi keshokutwa, na asije mikono mitupu: aje na kipande cha mpira wa maji, afundishwe kuisafisha mashine yake tumboni.

Huyo ndiye Bi Kutu. Jina alilopewa na wazazi lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini ni watu wachache wanaolikumbuka. "Hata mama yangu mzazi akipiga simu siku hizi anamuuliza mume wangu, 'Kutu hajambo?'" anasema huku akifuta kidole kwenye kitambaa. Ana miaka arobaini na mmoja. Miaka kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza hapa, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya nyavu, akipambana na chumvi.

Karakana yenyewe ni ndogo. Mtu mrefu akisimama katikati na kunyoosha mikono anagusa kuta mbili. Upande wa kushoto kuna gogo nene lililolazwa juu ya mihimili, na juu yake mashine zimening'inizwa kama mashati kwenye kamba. Asubuhi hii ziko tano. Upande wa kulia kuna meza, jiko dogo la gesi la kupashia bolti zilizogoma, na makopo ya maziwa yaliyojaa misumari, nati na vipande vya zinki. Pembeni kuna pipa kubwa la maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi. Hakuna ruhusa ya kuchota maji hayo, hata ya kunawa mikono.

Ukimwuliza chumvi inafanya nini hasa, Bi Kutu anaweka spana chini. Hili ni somo ambalo hataki lisikilizwe nusu nusu.

"Mashine hii inakunywa maji ya bahari ili isipate joto," anaeleza. "Inayavuta chini, inayazungusha mwilini, inayatema. Ukizima, maji yanakauka, chumvi inabaki. Umeona ukoko mweupe ndani ya birika? Basi huo huo, kwenye mishipa ya mashine. Siku moja mishipa inaziba, mashine inaungua katikati ya maji na abiria wako ndani."

Anachukua kitambaa na kufuta mguu wa mashine ya Kasuku. Kitambaa kinatoka na unga mweupe.

"Kutu ya chuma ni nyekundu, kila mtu anaijua. Lakini mwili wa hii ni alumini, na kutu ya alumini ni nyeupe kama chaki. Mtu anafuta, anadhani ni vumbi. Kumbe anafuta mashine yenyewe."

Hakuja mjini humu kuwa fundi. Alikuja kuolewa. Mume wake ni fundi cherehani, mtu mpole mwenye vidole vyembamba, ambaye akisikia harufu ya petroli anaumwa kichwa siku nzima. Hapo ndipo urithi wa familia ulipokwama. Baba wa mume, yule mzee wa kigodani, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine za boti kwa zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwachia spana.

"Nilimpeleka karakana akiwa na miaka kumi na mbili," mzee anakumbuka. "Akatapika. Nikampeleka tena. Akatapika tena. Mara ya tatu mama yake akaniambia, 'Baba fulani, unataka mwanangu atapike hadi aoe?'"

Bi arusi alipofika, kazi yake ya kwanza ikawa kumpelekea baba mkwe chakula cha mchana. Alikuwa anaweka sahani kwenye pembe ya meza, anaamkia, anaondoka. Mzee alikuwa mtu mwenye haya kupita kiasi. Kuzungumza na mke wa mwanawe uso kwa uso kulimshinda. Akitaka chumvi kwenye chakula alimwambia mkewe, mkewe akamwambia mwanawe, na ujumbe ukamfikia mhusika kesho yake, chakula kikiwa kimeshaliwa bila chumvi.

Lakini mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia baridi. Mchana mmoja mkwe wake aliingia na sahani akamkuta anajaribu kurudisha skrubu ndogo ya kabureta, ndogo kuliko punje ya mchele. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu ilibingirika hadi miguuni kwa yule bi arusi.

"Niliweka sahani chini, nikaiokota, nikaipachika mwenyewe," anasimulia. "Sijui nilipata wapi ujasiri. Nyumbani kwetu nilikuwa nikimtengenezea mama redio, basi. Nikageuka kumwangalia, nikaona ameangalia ukutani. Nikajua nimeharibu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, 'Leo nimemkosea baba yako, tutafukuzwa.'"

Hawakufukuzwa. Kesho yake, alipoweka sahani mezani, mzee hakula. Aligeukia mashine iliyokuwa imening'inia akaanza kuiambia kwa sauti.

"Wewe mashine," akasema, "kama angetokea mtu mwenye mikono mizuri, angeanza kukufungua bolti ya chini kwanza. Asingetumia nguvu. Angekupasha moto kidogo, halafu angesubiri."

Bi arusi akaelewa. Akachukua spana.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, na hivyo ndivyo yalivyoendelea kwa miaka. Mzee aliongea na mashine, mkwe akafanya. Akikosea, mashine ndiyo iliyogombezwa. "Wewe mashine, nani kakufundisha kukaza hivyo? Unataka kukatika?" Akifanya vizuri, mashine ilipongezwa na kuambiwa imelelewa vyema. Wateja walikuwa wakichungulia mlangoni wakivunjika mbavu.

"Watu walidhani mzee amepata kichaa," anasema mume, ambaye amepita kuwaletea chai na amesimama mlangoni kwa hadhari, kitambaa puani. "Mimi nilikuwa najua. Nyumbani hakuwahi kumsifu mtu hata siku moja. Ile ilikuwa njia yake."

Mwaka wa nne mambo yakaenda mrama.

Kila mashine ya boti ina kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela. Kazi ya kipande hicho ni kuliwa. Maji ya chumvi yakitafuta pa kuuma, huanza na zinki, na alumini ikasalimika. Zinki ikiisha, inafungwa nyingine. Mkwe alikuwa anayajua hayo kwa kusikia, lakini hakuwa ameyashika moyoni. Siku moja alimaliza kuitengeneza mashine ya mwalimu mmoja mstaafu, akaipiga msasa, akaipaka rangi mpya. Ilimeta kama sufuria ya harusini. Na kwa kupenda kwake usafi, akapaka rangi hadi kile kipande cha zinki.

"Kilikuwa kibaya, kina mashimo," anasema, na hata leo anashika tama. "Nikasema hapana, mashine nzuri hivi haiwezi kuwa na kidonda. Nikakifunika."

Zinki iliyopakwa rangi ni kama haipo. Chumvi ikahamia kwenye mguu wa mashine. Miezi saba baadaye mwalimu aliirudisha ikiwa imetobolewa ubavuni. Mashine ile alikuwa ameinunua kwa kiinua mgongo chake chote, ili asiwe mzigo kwa wanawe.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliligusa lile tundu kwa kidole, akauliza taratibu, "Nani alipaka rangi hapa?"

Kabla mkwe hajafungua mdomo, mzee alijibu. "Mimi."

"Wewe, fundi? Miaka yote hii?"

"Uzee, Mwalimu. Macho yameniponyoka. Nisamehe."

Siku ile hakuna aliyesema na mashine wala na mtu. Mzee alifunga karakana mapema. Gatini maneno yakasambaa kabla ya jioni kwamba fundi mkubwa amechoka, asipelekewe tena kitu cha maana. Wiki ile ziliingia mashine mbili tu. Iliyofuata haikuingia hata moja.

"Nilikuwa silali," anasema Bi Kutu. "Jina la mtu la miaka thelathini, yeye amelitoa kama mtu anavyotoa shati, amenivisha mimi. Na siwezi kumshukuru kwa sababu hatuzungumzi! Ningemwambia nani, kabureta?"

Siku ya kumi na moja alipiga moyo konde akaenda nyumbani kwa mwalimu. Alimkuta barazani anasoma gazeti. Alikataa kiti.

"Mwalimu, rangi nilipaka mimi. Baba alinikinga."

Mwalimu alilikunja gazeti mara mbili, polepole. "Nilishajua," akasema. "Mikono yake ile haiwezi kupaka rangi ikanyooka hivyo. Unajua mwanafunzi wangu akikosa hesabu nilikuwa namfanyaje?"

"Unamchapa?"

"Namsimamisha ubaoni, aifanye upya mbele ya wenzake."

Jumamosi iliyofuata, wenye boti walipokuwa wamekusanyika gatini kwa mkutano wao wa mwezi, mwanamke mmoja alisimama mbele yao amekumbatia mguu wa mashine uliotobolewa. Aliwaonyesha mahali zinki inapokaa. Aliwaeleza inavyofanya kazi na kwa nini haipakwi rangi. Mwishoni akasema, "Aliyefanya ujinga huu ni mimi, si baba mkwe wangu."

Kisha nahodha mmoja kutoka nyuma akauliza kama zinki ya kwake, iliyobaki nyembamba kama kijiko, bado inafaa. Mwingine akakiri kwamba ya kwake ameipaka rangi mwenyewe, tena mara mbili, ipendeze. Watu wakaanza kukimbilia boti zao kutazama. Na kelele moja ikatoka kwenye ngazi za gati: "Bi Kutu! Hebu njoo uone na hii!"

Jina likanata hapo hapo. Mwalimu alitengenezewa mguu mwingine kutoka kwenye mashine iliyokufa, akahudumiwa bure kwa miezi minane. Bado ni mteja wake, na kila akija anakagua zinki kwanza kama anayesahihisha daftari.

Mzee alipopata habari ya mkutano ule, kesho yake aliingia karakana, akasimama mbele ya mashine moja. "Wewe mashine," akasema, "una bahati ya kushikwa na mtu mkweli." Akaenda kukaa.

Siku ambayo Bi Kutu hataisahau ilikuja miaka mitano baada ya hapo, siku ya Jumatano, saa sita mchana. Boti ya zahanati ilikuwa imefungwa gatini ikisubiri safari ya kesho. Kila Alhamisi muuguzi huvuka na boti hiyo kwenda visiwa vitatu vya jirani na masanduku ya chanjo yaliyojazwa barafu. Nahodha alikuwa anaiinua mashine ili aikague propela, injini ikiwa imezimwa, bolti zilizoishikilia zikakatika zote mbili kwa mpigo. Kutu ilikuwa imezila kwa ndani, kwa nje zinaonekana nzima. Mashine ilizama kama jiwe.

Vijana walipiga mbizi, wakaifunga kamba, wakaivuta. Ilichukua saa mbili. Habari ilipomfikia Bi Kutu alikimbia hadi gatini na ovaroli yake, akakuta mashine imelazwa mchangani, kifuniko kimetolewa, imeanikwa juani kama dagaa.

"Nani kaianika?" akauliza, bado anahema.

"Mimi," akasema nahodha kwa fahari. "Ikauke kwanza. Jumatatu tutamwita fundi wa kampuni."

"Irudisheni majini!"

Watu waliangua kicheko. Nahodha alimtazama kama mtu aliyepigwa jua. "Mama, ndiyo kwanza tumeitoa majini!"

"Kaka yangu, nisikilize. Ikiwa ndani ya maji, kutu inasinzia. Ukiitoa ikapata hewa, inaamka na njaa. Hiyo Jumatatu fundi wako atakuta chuma cha kuuza kwa kilo. Ileteni kwenye pipa langu la maji matamu. Sasa hivi!"

Muuguzi alikuwa amesimama pale, mkononi ana orodha ya watoto wa visiwani. Barafu ya masanduku ilikuwa ya siku mbili, si zaidi. Alimwangalia nahodha, akamwangalia mwanamke mwenye ovaroli. "Mbebeni mashine," akawaambia vijana.

Ikazamishwa kwenye pipa, chumvi ikaoshwa. Kisha mbio zikaanza. Bi Kutu alitoa plagi, akaigeuza mashine kichwa chini, maji yakamwagika kutoka kwenye silinda. Akavuta kamba ya kuwashia taratibu, roho mkononi, akisikiliza kama kuna kitu ndani kimepinda. Ilizunguka laini. Akamwaga mafuta yote ya zamani, akasafisha kabureta kipande kwa kipande, akapuliza njia za petroli kwa mdomo, akafuta kila waya kwa spiriti. Mumewe, na kichwa chake kibovu, alikuwa amekaa ndani anakausha sehemu za umeme kwa pasi yake ya kunyoshea nguo aliyoishikilia hewani, machozi yakimtoka kwa harufu.

Saa kumi na mbili kasoro, kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Mara ishirini, mara thelathini. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Muuguzi alikuwa mlangoni na orodha yake.

Mzee akainuka kwenye kigoda chake. "Wewe mashine..." akaanza. Akaiacha mashine, akamgeukia mkwe wake, akamtazama usoni.

"Mwanangu," akasema. "Plagi ya chini imelowa tena. Mlio wake mzito. Usiogope. Itoe, ipashe moto, irudishe ikiwa ya moto."

Miaka tisa alikuwa amemlisha mtu yule, amemwamkia, amefundishwa naye, na hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia yeye mwenyewe.

"Nikaanza kulia," anasema Bi Kutu. "Nikamwambia muuguzi ni moshi umeniingia machoni. Moshi gani, na mashine haijawaka?"

Aliipasha plagi moto kwenye jiko, akairudisha kwa koleo, akavuta. Mashine ikakohoa, ikatema maji meupe, ikanguruma. Kesho yake asubuhi boti ya zahanati ilivuka na masanduku yake, kwa bolti mpya zilizopakwa grisi nene. Muuguzi aliporudi alimpa ile orodha ya watoto, kila jina limewekwa alama. Imebandikwa ukutani, juu ya makopo ya zinki.

Tangu siku ile, mzee ananena. "Tena hanyamazi," anasema mkwe wake. "Nimeikumbuka ile miaka ya kabureta."

"Nilikuwa nimeweka akiba," anajibu mzee, bila kuinua macho kutoka kwenye nati anazozichambua.

Kazi haijamtajirisha. Kusafisha mashine ndogo hulipwa kiasi cha lita tano za petroli. Kufungua yote na kuirudisha, kama mara sita ya hapo. Wiki nzuri, zinaingia mashine nne au tano. Vidole vyake vimepasuka, na kovu la bolti ya moto limebaki kwenye kiganja cha kushoto. Bado wapo wateja wapya wanaoingia, wanamwona, wanauliza fundi yuko wapi. "Nawaambia ametoka kidogo," anasema. "Nafanya kazi, nikimaliza nawaambia amesharudi."

Adhuhuri inapokaribia, Bi Kutu anavua glavu na kushuka gatini akiwa na nyundo na vigingi vinne vya mti. Ana mpango, na leo ameamua uanze kuonekana. Anataka bomba la maji matamu lifike hapa, kutoka kwenye tangi la zahanati, ili kila boti ikirudi ioshe mashine yake tumboni kabla chumvi haijaganda. Ameshapima njia: hatua mia mbili na kumi. Zahanati imekubali kutoa maji. Wenye boti ni ishirini na wawili. Kumi na watatu wameahidi kuchimba mtaro.

Mwenye boti mmoja anayeshusha mizigo anasimama kumtazama anavyopiga kigingi cha kwanza.

"Bi Kutu, hebu nieleze. Mashine zote zikioshwa, wewe utakula nini?"

"Mashine iliyooshwa nayo inazeeka, kaka. Nimechoka kutibu uzembe. Nataka kutibu uzee."

"Na mimi mnanihesabu kwenye mtaro?"

"Una sepetu?"

"Ninayo."

"Basi wewe ni wa kumi na nne," anasema, na kumpa kigingi cha pili ashike.